Mtu Aliyelowa Jikoni kwa Inga

Nyanzala alikuwa anaanua mpunga uani, mchana wa siku ya kufunga shule, Juni ya mwaka tisini na sita, pale binti yake Mwandu alipofika na kumwambia kwamba baba yake yumo kwenye filamu.

"Filamu gani?"

"Ile ya Inga, aliyoileta Arcade. Baba amekaa jikoni kwao Inga, karibu na jiko."

Nyanzala akamfukuza kuku aliyeingia turubaini. "Amevaa nini?"

"Lile koti la kijivu. Limelowa. Maji yanadondoka mpaka sakafuni."

"Amekuona?"

"Sijui, mayu. Alikuwa anaangalia chini."

Nyanzala akausogeza mpunga katikati kwa mikono miwili, akaujaza kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia. Kuku hawana adabu ya kungoja mtu amalize mambo yake. Kisha akanawa miguu, akajifunga kitenge ambacho hakijachanika, akaenda shuleni.

Darasa la nne lilikuwa limeshafunguliwa. Mablanketi yaliyoziba madirisha yalikuwa yamekunjwa juu ya dawati, na Arcade alikuwa anaifuta televisheni vumbi kwa shati lake kuukuu. Arcade alikuwa kijana wa Kirundi aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi upande wa Mpanda. Alikuwa na televisheni, deki, jenereta na baiskeli ya kubebea vyote hivyo, pamoja na kibali cha kutoka makazini ambacho kila mwenyekiti wa kijiji alichopita alipaswa kukigonga muhuri. Bila muhuri, baiskeli ilirudi ilikotoka.

"Pole mama," alisema Arcade. "Na mimi nimemwona. Mkanda huu nimeuonyesha Kasekese, nimeuonyesha Mwamkulu, huko hakuwemo. Amepandia hapa kwenu."

"Ataondoka?"

"Kesho ni zamu ya wazazi. Njoo umwangalie."

Kijiji kile kilikuwa ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Usevya, na hakuna aliyekuwa hamjui Inga. Mwalimu Josefina, Mfipa mpole mwenye sauti nzito, alikuwa amewasomea watoto kitabu chake mara nyingi mpaka kurasa zikalegea. Kilikuwa kitabu cha watoto cha zamani sana kutoka nchi za baridi, kimefasiriwa Kiswahili na wamisheni. Inga alikuwa msichana aliyeishi na bibi yake kando ya ziwa lililoganda. Baba yake, mkata mbao, alivuka ziwa kwa miguu akiburuta kigari cha mbao, na barafu haikusema imempeleka wapi. Kila jioni Inga aliweka taa dirishani. Kwenye kitabu baba hakurudi kamwe. Kwenye filamu alirudi, mlango ukafunguka, wote wakakumbatiana na muziki ukapigwa. Mwalimu Josefina aliwaeleza watoto kwamba watengeneza filamu hawapendi mtazamaji atoke akiwa analia, na watoto wakakubali, maana hata wao walikuwa hawapendi.

Masalu, mume wa Nyanzala, hakuwemo kwenye kitabu wala hakutakiwa kuwemo kwenye filamu. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Machi ya mwaka uliotangulia ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa watu, wakakamatwa, wakafungiwa kwenye boma la mwenyekiti wa kijiji, Bwana Melkior. Masalu akaenda kuwafuata. Hakurudi. Melkior alitangaza mkutanoni kwamba Masalu amemuuzia ng'ombe wote na ameelekea Chunya na mwanamke muuza pombe. Mwanamke huyo hakuna aliyewahi kumwona, lakini baada ya miezi michache watu walikuwa wanamjua mpaka rangi ya kitenge chake. Nyanzala alikuwa amekwisha kuulizwa kisimani kama ni kweli kwamba yule mwanamke ana mwanya.

Siku ya pili darasa lilijaa wazazi. Watu wazima walikunja magoti ndani ya madawati ya watoto. Melkior aliwekewa kiti cha ofisi ya mwalimu mkuu, mbele kabisa, na akaketi na kofia yake magotini. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole, anayependa kuwauliza watu hali za wagonjwa wao kwa majina. Nyanzala alikaa nyuma, karibu na mlango, Mwandu ubavuni.

Jenereta ikanguruma nje. Theluji ikaanza kuanguka kwenye kioo. Inga akatoka kuchota maji, akarudi, akafungua mlango wa jikoni, na Masalu alikuwepo.

Alikuwa ameketi kwenye benchi kando ya jiko la chuma, miguuni ana makatambuga yake ya tairi. Maji yalimtoka kwenye mikono ya koti yakatengeneza dimbwi sakafuni. Kwenye nywele zake yalikuwa yameshika majani mapana ya majini, yale yanayoota kwenye mto Kavuu pale viboko wanapolala. Shingoni alikuwa na kamba ya nailoni ya buluu. Kijijini pale watu walifungia ng'ombe kwa kamba za katani. Kamba za nailoni za buluu alikuwa nazo Melkior peke yake, alizileta kutoka Sumbawanga na alikuwa akizisifu.

"Masalu huyo," alisema mzee mmoja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwona jirani akipita barabarani.

"Amekonda," alisema mwanamke mwingine.

Bibi wa kwenye filamu alipita na sufuria, akalizunguka dimbwi bila kumtazama, kama mtu anavyomzunguka mbwa wa nyumbani. Inga akaketi upande wa pili wa benchi, akaanza kumenya viazi. Nyanzala alishika ukingo wa dawati. Alikuwa amejiandaa kumwona mume wake. Ile kamba hakuwa amejiandaa nayo. Aliitazama mpaka macho yakamuuma, na mwaka mzima wa Chunya, muuza pombe na mwanya ukamtoka kichwani kama maji yaliyomwagwa mlangoni.

Hapo Masalu akainua uso. Hakumtazama Inga wala taa ya dirishani. Alitazama mbele, kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Darasani ikasikika mashine ya deki ikizungusha mkanda. Melkior alitoa leso, akajifuta shingo, akairudisha, akaitoa tena.

Kisha Masalu akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi mrefu, unaopanda halafu unavunjika mwishoni, aliokuwa akiwaitia ng'ombe kwenda kunywa. Ulitoka kwenye televisheni ukapita katikati ya mablanketi ya madirishani. Haikupita muda, ardhi ikaanza kutetemeka. Watu waliokaa karibu na madirisha wakafunua pembe za mablanketi. Kundi lote la Melkior lilikuwa linakuja kutoka bondeni, ndama nyuma, wachungaji wakilikimbilia kwa fimbo. Ng'ombe waliizunguka shule. Walisimama wamegusisha pua ukutani, wakipumua, na wachungaji waliwapiga mpaka fimbo zikakatika. Hakuna ng'ombe aliyesogea.

Ndani ya darasa kila mtu alijua analolijua mwenzake. Melkior alikaa na mgongo wake ukiwaelekea, na migongo ya watu wanene haifichi pumzi. Kwa Nyanzala ilikuwa saa ya kwanza tangu Masalu apotee ambayo hakuogopa kitu. Alisimama.

"Mwenyekiti," alisema. "Mume wangu anakutazama. Mjibu."

Melkior hakugeuka. "Mama Mwandu, tuache watu waangalie filamu. Ni ya watoto."

Kwenye kioo mlango ukafunguka, baba yake Inga akaingia na theluji mabegani, wakakumbatiana, muziki ukapigwa. Masalu akajisogeza kidogo kwenye benchi ili wapate nafasi. Filamu ilipokwisha ng'ombe wakageuka wakarudi bondeni wenyewe.

Kabla jioni ile haijaingia, Arcade aliitwa ofisi ya kijiji. Melkior alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mama yake. Kisha akamwambia kwamba mle kwenye filamu kuna mtu asiyehusika, na mtu asiyehusika hawezi kukaa tu mahali bila kibali. Kitabu kinajulikana, mwalimu ataitwa athibitishe. "Kwa hiyo mkanda ulete hapa uchomwe, na muhuri utaupata. Usipouleta, sina uhakika na huo muhuri."

Arcade alikubali kwa kutikisa kichwa, maana hakuzaliwa katika nyumba ya watu wanaokataa. Alitoka, akaenda moja kwa moja mashambani kwa Nyanzala.

"Mama, mimi siwezi kuuficha. Wakinirudisha makazini bila muhuri, sitoki tena. Lakini siwezi kumchoma mtu." Akamkabidhi ule mkanda umefungwa kwenye shati lake, akapanda baiskeli. Ofisini akasema mkanda umeibwa. Muhuri hakuupata, akarudishwa makazini.

Nyanzala aliuzika kwenye mpunga, katikati ya gunia. Asubuhi mgambo walikuja wakiongozwa na Masele, kijana wa Kisukuma vilevile, ambaye Masalu alimfundisha kukama. Melkior alibaki nje chini ya kivuli cha paa, akimuuliza Mwandu anasoma darasa la ngapi sasa.

Mgambo waligeuza kitanda. Walivunja chungu cha maji kwa bahati mbaya, wakaomba radhi. Walitoboa paa la nyasi kwa fimbo. Kisha Masele akafungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwapani. Nyanzala alisimama pembeni, ameshikilia ungo kifuani. Alimwona Masele anatafuta, anatafuta, kisha anatulia. Amegusa. Uso wa Masele ulibadilika kama mtu anayesikiliza jambo kwa mbali.

Alipoutoa mkono, vidole vilikuwa vimepauka, na kwenye kucha kulikuwa na barafu nyembamba kama ile inayoganda kwenye friji ya mafuta ya taa pale dispensari. Punje za mpunga ziliganda kwenye kiganja. Aliutazama mkono wake. Akamtazama Nyanzala. Kisha akauingiza mkono mfukoni.

"Vipi?" Melkior aliuliza kutoka nje.

"Mpunga tu, mwenyekiti."

"Umefika chini?"

"Nimefika."

Walipoondoka, Masele alikuwa angali na mkono mfukoni, na suruali yake imelowa pajani.

Nyanzala hakungoja. Alimwacha Mwandu kwa Mwalimu Josefina, akapanda lori la magunia hadi Mpanda mjini akiwa na mkanda kifuani, baridi yake ikimchoma ngozi njia nzima. Huko alikaa polisi kwenye benchi la watu wanaosubiri mpaka akasikilizwa, na mwisho wa juma afande mmoja mpelelezi akaja kijijini kwa pikipiki. Alikuwa mtu makini, mwenye miwani, aliyekuwa amesoma. Alimtuma Masele akamlete Arcade na mashine zake kutoka makazini. Alikaa kwenye kiti kilekile cha mwalimu mkuu, akaletewa chai, na filamu ikawashwa kwa ajili yake. Watu walisimama madirishani. Ng'ombe siku hiyo walikuwa wamefungiwa kwenye boma lililoongezwa miti, na ulipopigwa mluzi walisikika kwa mbali wakilia na miti ikivunjika.

Afande aliangalia filamu yote, hata majina ya mwisho. Alirudisha nyuma mahali pa jikoni mara mbili. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, huyu ndiye mume wako? Una hakika?"

"Ndiye, afande. Hata mluzi wake wazee hapa wanaujua."

Wazee wakaitika kwamba ndiye.

"Vizuri. Basi hakuna ubishi." Afande alimgeukia. "Nilipoambiwa kuna mtu amepotea nilikuja na wasiwasi. Sasa tumemwona wote. Yuko Ulaya."

"Afande, mume wangu amekufa."

"Aliyekufa anakaaje jikoni kwa watu? Tena anapiga mluzi."

"Ana kamba shingoni. Kamba ya mwenyekiti."

"Wazungu huvaa vitu vingi shingoni, mama. Mtu akienda Roma hufanya wafanyavyo Warumi."

"Amelowa. Ana majani ya Kavuu kichwani."

"Huko kuna mvua na theluji, si umeona mwenyewe?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa anamweleza kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. "Halafu mwisho pale pameandikwa mwaka filamu ilipotengenezwa. Tisini na moja. Mwaka huo mume wako alikuwa wapi?"

"Hapahapa. Tulikuwa tunalima."

"Unaona sasa," alisema afande. "Alikuwa na safari zake ambazo hakukwambia. Bwana mwenyekiti alisema Chunya. Pengine alipitia Chunya."

Nyanzala alikuwa na maneno, lakini yote yalikuwa yamekwisha kusemwa na kioo, mbele ya macho ya kijiji kizima, na kama hayo hayakutosha hakujua maneno ya mwanamke mmoja yangeongeza nini. Aligeuka kuwatazama watu madirishani. Mmoja alikuwa anaondoa kijiti kwenye nywele za mtoto wake. Mwingine alikuwa anaangalia kule ng'ombe walikokuwa wanalia. Masele alitazama chini.

Melkior ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa. Alipoelewa, mabega yake yalishuka polepole, akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetoka kutapika na kupata nafuu. "Nami nilikuwa nataka mkanda uchomwe," alisema. "Kumbe ndio shahidi wangu." Siku hiyohiyo alikigonga muhuri kibali cha Arcade, na akaagiza filamu ya Inga ionyeshwe kila shule inapofungwa, bila kizuizi, kwa faida ya watoto.

Nyanzala alirudi nyumbani, akanyoa nywele, akaweka matanga. Hakuwa na mwili wa kuzika, wala kaburi. Alimwomba Arcade aweke televisheni uani kwake, chini ya banda la nyasi, imeelekea kivulini ili kioo kionekane, na watu waje wakae na mfiwa kama desturi.

Baadhi walisita. Mtu aliye Ulaya anawekewaje matanga? Lakini Mwalimu Josefina alikuja mapema na mkeka wake, akaketi, na baada ya hapo wakaja wengine, na wengine, mpaka ua ukajaa. Arcade aliwasha jenereta. Masalu alikuwa pale pale jikoni. Waombolezaji walipita mmoja mmoja mbele ya televisheni, wakainama kidogo, wakampa pole, wakaenda kukaa. Mwandu alikaa karibu na kioo kuliko wote. Siku hiyo bibi wa kwenye filamu, badala ya kulizunguka dimbwi, alisimama, akachukua kitambaa kutoka kwenye msumari, akampa Masalu ajifute. Masalu alijifuta uso, kisha shingo, kwa uangalifu, akiipitisha ile nguo chini ya kamba. Mwandu akamwambia mama yake, "Amepata taulo." Nyanzala akasema, "Wamefanya vizuri." Akafuta macho yake mwenyewe kwa ncha ya kitenge.

Saa za alasiri Melkior alifika. Kiongozi hawezi kukosa kwenye msiba wa mtu wake, hata akiwa na mashaka na msiba wenyewe. Nyuma yake Masele alikuwa anamkokota dume jekundu, limenenepa, pembe moja imeinama kuelekea jicho. Nyanzala alilijua. Lilizaliwa usiku wa mvua ndani ya nyumba yao, ng'ombe mama aliposhindwa kuzaa, na Masalu alilitoa kwa mikono.

"Mama Mwandu," alisema Melkior, "kijiji hakiwezi kukuachia watu wote hawa uwalishe peke yako. Pokea rambirambi yetu."

Watu walipiga makofi. Walikuwa na njaa, na wengi wao walikuwa hawajaonja nyama tangu Pasaka. Nyanzala alilitazama lile dume, akamtazama Melkior, akatazama ua uliojaa wageni waliokuja kumlilia mume wake.

"Tumepokea," alisema.

Lilichinjwa nyuma ya nyumba. Nyanzala alipika mwenyewe, hakumruhusu mtu mwingine ashike mwiko. Moshi ulipita mbele ya kioo, na jikoni kwa Inga Masalu alikuwa ameketi na taulo begani, akimwangalia yule msichana akiweka taa dirishani.

Nyama ilipoiva, Nyanzala aliwagawia wazee kwanza, kisha wanawake, kisha watoto. Sehemu ya nundu, ambayo ni ya kiongozi, aliiweka kwenye sahani ya peke yake, akavuka nayo ua wote, watu wakimpisha njia, akapiga magoti mbele ya kiti cha Melkior kama mwanamke aliyelelewa vizuri.

"Karibu, mwenyekiti," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa walio nje ya ua. "Nyama ya Masalu."

Mikono yote iliyokuwa inaelekea midomoni ikasimama. Arcade, aliyesimama kando ya jenereta, akageuka kumtazama Melkior. Hata Masele aliinua kichwa.

Melkior alitazama sahani. Akachukua kipande kwa vidole, akakiweka mdomoni, akatafuna bila haraka, huku wote wakimngojea. Alimeza.

"Asante, mama Mwandu," alisema. "Imeiva vizuri. Naomba chumvi kidogo."

Mtu mmoja akampa chumvi. Wengine wakaendelea kula.